Sufuria Yenye Jua na Mwezi

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Taa. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha tena ti-ti-ti.

Mwezi uliopita niliisikia sauti hiyo sokoni Mwanga. Fundi mmoja kijana alikuwa anatoboa bati la jiko la mkaa kwa msumari, nami nilikuwa napita na dagaa wangu kwenye mfuko, nawaza mambo yangu mazuri mazuri kama kawaida yangu. Miguu ikagoma. Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa. "Dada, unataka jiko?" akaniuliza. "Hapana, wewe gonga tu." Akacheka, akamwambia mwenzake kwamba jua la leo limeshampata mtu. Nami nikacheka. Lakini sikuondoka mpaka alipomaliza bati lile.

Wenzangu mnaonijua mnajua mimi si mtu wa huzuni. Mimi ndiye yule anayepiga vigelegele kabla bibi harusi hajashuka garini. Ila kuna jambo moja mnanitania nalo tangu zamani na sijawahi kulijibu: nikifika kwenye shughuli yoyote, iwe harusi au matanga, lazima nipite jikoni, nigeuze sufuria moja moja, nizitazame mgongoni. "Huyu anatafuta ukoko," mnasema. Haya. Leo nawaambia ninachokitafuta.

Sisi tuliokulia Ujiji mtaa ule tunamkumbuka Babu Jivan. Alikuwa Mhindi mzee, mkondefu, mwenye masikio makubwa yaliyoota nywele, na kibaraza chake kilitazama njia yetu ya shule. Alizaliwa hapohapo Ujiji, Kiha alikijua kuliko mimi, na kazi yake ilikuwa sufuria: kuziba zilizotoboka, kunyoosha zilizobonyea, na zaidi ya yote kuziandika majina. Mtu wa mbali anaweza kushangaa, sufuria jina la nini? Lakini nyinyi mnajua. Shughuli ikitokea, kila nyumba inatoa sufuria yake, zinapelekwa zote kwenye jiko moja, na zikishalambwa na moto wa siku mbili zinakuwa nyeusi sura moja. Hapo ndipo mama watu wazima wanapovuana vilemba. "Hii yangu, ina kovu hapa!" "Kovu hilo hata yangu inalo!" Kwa hiyo kila mama aliyejiheshimu alimpelekea Babu Jivan sufuria yake, naye akaigeuza kifudifudi juu ya kigogo, akashika msumari wake mfupi wa chuma na nyundo ndogo, akalidonoa jina nukta baada ya nukta. MAMA ZUBEDA. BI MWAJUMA WA KASIMBU.

Mama alinituma kwake mara kwa mara, nami nilipenda kutumwa. Nilikuwa nimepewa jina la marehemu mama yake baba. Shangazi ndiye aliyelitoa, kama ilivyo desturi ya kwetu, na tangu siku hiyo mama yangu mzazi hakuweza kuniita jina langu wazi, maana ni jina la mkwewe. Aliniita mama mkwe. Babu Jivan akaudaka utani huohuo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama mkwe. Umekuja kunikagua?"

Siku moja ya mvua, wateja hamna, barabara imekuwa mto, alifungua sanduku akatoa kitu kilichofungwa kitambaa chekundu. Yalikuwa mabamba matatu ya shaba, marefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole, yametobolewa pembeni na kuunganishwa kwa pete moja nene, kama funguo za mlango wa jitu. Shaba ilikuwa imegeuka rangi, kijani huku, nyeusi kule, na ilinuka kama sarafu iliyokaa kwenye kiganja chenye jasho. Juu ya bamba la kwanza palichongwa jua dogo, na pembeni yake mwezi mwembamba. Chini yake maandishi, safu kwa safu. Hayakukaa juu ya mstari kama yetu ya daftarini. Yalining'inia chini ya mstari, kama nguo zilizoanikwa.

"Hii ndiyo barua ya kwetu," akasema. "Ya kale sana, huko India, kabla ya treni, kabla ya meli. Mfalme alimpa mzee wetu shamba. Karatasi inaliwa na mchwa, kwa hiyo akaandika kwenye shaba. Jua na mwezi maana yake shamba ni lenu mpaka hivi viwili vizimike."

"Unayasoma yote?"

"Wapi! Herufi hizi hata mimi zinanishinda. Baba alinifundisha kwa kidole." Akaweka kidole kwenye safu ya pili, akakitembeza taratibu. "Hapa babu wa babu. Hapa mwanawe. Hapa mwana wa mwanawe. Hapa mashahidi."

"Wako wapi sasa?"

"Wamekufa wote, mama mkwe."

Akafika bamba la mwisho, mstari wa chini kabisa, na kidole kikasimama. Hapo, akasema, pana laana. Atakayewanyang'anya watu hawa kilicho chao atazaliwa tena akiwa funza, aishi kwenye kinyesi maelfu ya miaka. Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Niliyatazama majina yale yaliyoning'inia, yote ya watu waliokufa, hata mmoja hakusalimika, na kichwa changu cha mtoto kikapiga hesabu yake chenyewe: ukichongwa kwenye chuma, unakufa, na mwisho wa orodha kuna kitu kinakusubiri.

"Na shamba lenyewe liko wapi, Babu?"

"Nitajuaje? Mimi mtu wa Ujiji." Akafunga kitambaa chake chekundu, akafunga na sanduku.

Ilikuwa miaka ile ya watu wa ng'ambo, waliovuka ziwa wakikimbia vita Burundi. Ziwa lilikuwa limebadilika tabia. Asubuhi tukienda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kuosha vyombo tulikuta vitu: kiatu kimoja cha mtoto, godoro lililovimba, mlango wa nyumba pamoja na kitasa chake. Mlango! Siku nzima niliwaza ni nyumba gani iliyobaki wazi. Watu wazima waliongea chini chini na kunyamaza tulipokaribia. Mawimbi yalikuwa yaleyale, samaki walewale, lakini mama alianza kumpasua mgebuka polepole mno, huku amegeuza uso kidogo, kama anayeogopa atakachokikuta ndani. Nilimwuliza anaogopa nini. "Miiba," akasema.

Dada Esperansi alikuja kwetu na sufuria kichwani. Hiyo ndiyo mali yote aliyovuka nayo kutoka Burundi, hiyo na tumbo la miezi minane. Mama alimkuta ameketi karibu na bomba la mtaa, akamwuliza anakwenda wapi. "Sijui, mama," akajibu. Basi mama akamwonyesha banda letu la kuku ambalo halikuwa na kuku. Nikifikiri leo, alikuwa msichana tu. Akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, na alinifundisha kusuka ukili wa mkeka huku akiniambia habari za milima ya kwao, jinsi ukungu unavyoingia hadi ndani ya nyumba na kukaa nawe mezani kama mgeni. Nilikuwa nalala naota ukungu. Mumewe aliitwa Venanti. Yeye na dada yake walibaki ufukwe ule wa pili mtumbwi ulipojaa. Walimwambia, tunakuja na unaofuata. Kila mtu alipotaja boti iliyofika Kibirizi, Esperansi alisimama, hata kama ana tonge mkononi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema, tena mcheshi, lakini mimi nilimwogopa kwa sababu ya daftari lake. Alikuwa ametumwa kuandika wageni. Alikaa uani kwa jirani zetu, akauliza majina ya watu wa ng'ambo waliohifadhiwa mle, akayaandika mmoja mmoja huku akilamba ncha ya kalamu, na baada ya siku chache lori likaja. Miongoni mwao alikuwamo msichana niliyecheza naye rede. Alinipungia mkono akiwa juu ya lori, kisha likabaki vumbi.

"Wamekwenda wapi, mama?"

"Kambini."

"Kambini ndiyo wapi?"

"Kula, mama mkwe. Ugali unapoa."

Hesabu yangu ikapata mstari wa pili: ukiandikwa, lori, ukichongwa, kifo.

Balozi alipofika kwetu, mama alimwambia kwamba Esperansi ni mtoto wa dada yake wa Kasulu. Balozi alitazama tumbo, akatazama miguu iliyovimba, akatazama sufuria iliyokaa mlangoni pa banda. Akafunga daftari. "Haya, mama. Lakini wakija wakubwa wenyewe, mimi kudanganya mara mbili sitaweza."

Mtoto akazaliwa adhuhuri moja ya jua kali, wa kike, na nywele nyingi kama amevaa kofia. Siku ya saba mama akaamka mapema akafagia uwanja, akawaita majirani wawili watatu, akapika uji. Kwake yeye mtoto ni mtoto, siku ya saba anapewa jina.

"Haya, Esperansi, tumwiteje binti yetu?"

"Oya, hapana, mama," akasema kwa upole. "Kwetu jina linatoka kwa baba. Baba asipokuwepo, linatoka kwa watu wake."

"Na wakichelewa?"

"Tutawasubiri."

Bi Mwajuma alishika kiuno. "Ehe! Mtoto gani haitwi? Shetani akimkuta hana jina atampa la kwake!"

Wote wakamtazama mtoto kama vile kuna mtu anamkaribia. Mimi peke yangu ndiye niliyefurahi. Asiye na jina ataandikwaje? Nilimwinamia nikamnong'oneza sikioni: kaa hivyohivyo, mdogo wangu, usikubali.

Jioni ya siku hiyo, jua bado halijazama, Babu Jivan akaja kumwona mtoto, amebeba kipande cha sukari guru kwenye karatasi. Mama akamweleza. Badala ya kushangaa, mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. "Hata kwetu mama wa mtoto hatoi jina. Anayetoa ni dada yake baba, hakuna mwingine. Na siku ya sita tunaweka karatasi tupu na kalamu karibu na mtoto, tunatoka chumbani, ili anayeandika maisha ya watu aje aandike."

"Na anaandika?" nikauliza.

"Asubuhi tunaikuta karatasi tupu vilevile. Lakini hatuitupi."

Esperansi aliziba mdomo akacheka. "Mzee, kumbe wewe ni wa kwetu!"

Basi tulikuwa uani pale Mhindi, Waha na Mrundi, na sote desturi zetu zilikuwa zinamtaka shangazi, na shangazi hayupo. Babu Jivan akaiona ile sufuria mlangoni. Akaigonga kwa kidole, akasikiliza. "Hii ina jina?"

"Haina."

"Itapata. Sikilizeni. Mtu akitafutwa kwa miguu, miguu inachoka. Sufuria inaingia nyumba ambazo sisi hatuingii. Leo harusi Gungu, kesho matanga Bangwe, kesho kutwa Katubuka. Na siku hizi waosha vyombo kwenye shughuli hizo ni akina nani? Si watu wa ng'ambo haohao? Wataigeuza, watasoma."

Esperansi alinyanyuka akaikumbatia sufuria yake, kisha akampa.

Nilikuwepo kibarazani alipoichonga. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Taa. Kila nukta iliingia kifuani mwangu. ESPERANSI WA VENANTI, na chini yake UJIJI. Halafu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwenye sufuria ya mtu mwingine, akachonga juu ya majina hayo jua dogo, na pembeni yake mwezi mwembamba.

"Kwa nini umeweka vile, Babu?" Sauti yangu ilitoka kama ya paka.

"Ili mwenye macho asipite." Akapuliza unga wa chuma. "Na hapa chini nimeacha nafasi. Ni ya mtoto, siku shangazi yake akifika."

Nafasi ile tupu ndiyo iliyonitisha kuliko maandishi. Niliiona kama kaburi lililochimbwa kabla ya mtu kuugua.

Sufuria ikatoka. Ilikwenda Gungu kwenye harusi, ikarudi na masizi mapya. Hakuna aliyekuja. Ikaenda Bangwe kwenye matanga, na huko nilifuatana na mama. Wanawake walikuwa wanapakua, moshi unatutoa machozi, mara balozi akaingia jikoni kuomba kaa la kuwashia sigara. Akainama kuchukua kaa, akaona sufuria imeinamishwa ikauke. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata nukta, kama kidole cha Babu Jivan kwenye shaba. "E-spe-ran-si... wa Ve-nan-ti." Akainuka. Sigara ilikuwa haijawaka.

"Mama, huyu ndiye mtoto wa dada yako wa Kasulu?"

Mama akaendelea kupakua wali. Kijiko kiligonga sahani mara mbili.

"Wakubwa wanakuja wiki ijayo," balozi akasema, chinichini. "Nyumba hadi nyumba. Nilikwambia mapema, mama." Leo najua alisema kwa uchungu. Siku ile niliona tu kidole, na jina chini ya kidole, na nikaelewa kwamba orodha imeshafika mstari wa mwisho.

Jumamosi ilikuwa zamu ya harusi ya Katubuka. Alhamisi mchana mama alinipa vyombo nikaoshe ziwani, pamoja na sufuria ile ing'arishwe. Niliing'arisha kwelikweli, kwa mchanga na majivu, hadi jua likaonekana ndani ya jua. Kisha nikaenda nayo kwenye matete, mahali ambapo mchanga ni laini, nikachimba kwa mikono yangu miwili, nikaiweka kifudifudi na kuifukia. Nikapanda juu nikakanyagakanyaga. Wenzangu, nisiwadanganye, nilirudi nyumbani naimba. Nilijiona nimeokoa watu wawili. Niliwaza namna dada Esperansi atakavyozeeka kwetu, na mtoto asiye na jina atakavyokua nami tukigawana kitanda, na hakuna daftari duniani litakalompata.

Nikasema imepotea, labda imechanganyika na za Bi Mwajuma. Mama akazunguka nyumba kwa nyumba, akanifokea mpaka sauti ikamkauka. Esperansi hakunifokea. Alikaa kizingitini pa banda, viganja vimefunguka magotini, anavitazama kama mtu aliyeangusha kitu na hajui ni nini. "Mana yanje," Mungu wangu, alisema mara moja tu.

Babu Jivan alinisimamisha njiani kesho yake. "Sufuria yenye jina haipotei, mama mkwe."

"Ndiyo, Babu."

"Kucha zako zina mchanga."

"Niliosha vyombo."

"Ahaa," akasema, akarudi kwenye kigogo chake. Sikumsikia akigonga chochote siku nzima.

Harusi ya Katubuka ikapita Jumamosi. Jumanne lori likaja.

Halikuja na orodha. Nilisimama ukutani nikiwatafuta wale wenye daftari wafungue, wasome, wakose jina, waondoke. Hawakusoma kitu. Waliingia kila nyumba, wakauliza nani wa ng'ambo, wakawapandisha wote, walioandikwa na wasioandikwa. Jina nimelifukia, nikawaza, sasa lori limesoma wapi? Balozi alisimama mbali, mikono nyuma, anatazama viatu vyake. Mwanamke mmoja mwenye karatasi ndiye aliyekuwa anaandika sasa, hapohapo chini ya lori.

"Mtoto jina lake?"

"Bado hana," Esperansi akasema.

"Bado hana? Huyu si wa jana huyu!"

"Anasubiri watu wa baba yake."

Yule mwanamke alimtazama, akaandika kitu kifupi. Nilinyoosha shingo nikaona: mtoto wa kike. Mama alikuwa ameshika mfuko wa unga wa muhogo na kanga zake mbili mpya, anampa Esperansi, hajui ampe nini kingine. Esperansi akaniita karibu. Nilidhani anajua. Nilidhani sasa atanitaja mbele ya watu. Aliniwekea kiganja kichwani.

"Ukimwona shangazi yake," akasema, "mwambie tulisubiri."

Vumbi la lori lile lilikaa kwenye majani ya mpapai wetu mpaka mvua iliyofuata.

Jumapili nilitumwa tena kwa Babu Jivan, kuchukua kifuniko kilichobonyea. Nikamkuta mwanamke mrefu kibarazani, amevaa kitenge kilichopauka, mikono yake imepasuka kwa majivu na maji. Alikuwa amesimama, amekataa kiti.

"Nimeambiwa majina yanachongwa hapa," alisema. "Natafuta sufuria yenye jua na mwezi."

Babu Jivan akaweka nyundo chini taratibu. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi dada yake Venanti."

Kifuniko nilichokuwa nimeshakichukua kikaniponyoka. Kilizunguka sakafuni kwa kelele, hakuna aliyekiokota.

Kumbe alikuwa Katubuka muda wote ule, ambako lori lilikuwa halijafika, amehifadhiwa na mama mmoja, anafua na kuosha vyombo. Kwenye harusi ya Jumamosi yeye ndiye aliyekuwa karoni. Mgeni mmoja kutoka Gungu, katika maongezi tu ya jikoni, akamwambia kuna sufuria ya Ujiji aliiona kwao, ina jua na mwezi na jina la Venanti. "Zilikuwapo sufuria za Ujiji pale," alisema. "Niligeuza zote. Nilizigeuza mara mbili. Nikasema, huyu mama ameota. Nimekaa nalo siku zote hizi, nikashindwa kulala, ndiyo nimekuja."

"Kama ungeiona siku ile?" Babu Jivan akauliza. Hakunitazama.

"Ningekuja siku ileile. Kwa miguu."

Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzihesabu.

Babu Jivan akamweleza kuhusu lori. Alisikiliza wima, kitenge amekikamata shingoni. Alipoulizwa habari za Venanti akasema tu, "Hakupanda mtumbwi." Kisha akauliza, "Mtoto ni nini?"

"Wa kike."

"Kaneza," akasema papo hapo, kama mtu anayetua mzigo. "Ndugu yangu alisema, akiwa wa kike ni Kaneza. Nimelibeba mdomoni tangu ng'ambo. Hata kupiga chafya nilikuwa naogopa."

Nilimwambia. Si lile la sufuria, lile lingine. "Shangazi, dada alisema nikikuona nikwambie walisubiri." Aliniangalia, akachuchumaa, akanishika mashavu kwa mikono yake ile mikavu. "Urakoze, mwana," akasema. Kushukuriwa kule kuliniuma kuliko fimbo yoyote niliyowahi kuchapwa. Alasiri hiyohiyo alishika njia ya Kasulu kuwatafuta kambini. Kambi ipi, hakuna aliyejua. Zilikuwa nyingi.

Alipopotelea kwenye kona, nilibaki kibarazani. Babu Jivan alikiokota kifuniko changu, akakigeuza, akakiweka.

"Babu," nikasema, "wale wa kwenye shaba wamekufa wote."

"Wote."

"Kwa hiyo nilidhani..."

Akaketi. Alikuwa anang'oa kitu kisichokuwapo kwenye kidole chake. "Na wale ambao hawakuchongwa?" akauliza. "Hao je, wanaishi? Nao walikufa, mama mkwe. Tofauti yake, hawa wangu nikiweka kidole hapa, najua alikuwa nani."

"Nitakuwa funza?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka. "Ulimnyang'anya mtu kilicho chake?"

"Ndiyo."

"Basi kirudishe." Akachukua msumari wake mfupi wa chuma, ule wa siku zote, uliolainika kwa jasho la vidole vyake, akaufunga kwenye kipande cha karatasi tupu, akanikabidhi pamoja na kifuniko cha mama. "Nafasi niliiacha chini," akasema.

Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda kule kwenye matete, ziwa limetulia kama halijawahi kumla mtu, nikachimba palepale. Niliogopa nitakuta haipo. Ilikuwepo, imejaa mchanga wa maji, baridi kama kitu kilichokuwa kinanisubiri. Nikaisuuza, nikaigeuza juu ya jiwe, nikaokota jiwe lingine la kugongea. Ti. Nukta ya kwanza ikateleza ikaacha mkwaruzo. Ti-ti. Kila pigo lilisikika juu ya maji, nami niligeuka kila mara kutazama kama kuna mtu anakuja. Hakuna aliyekuja. Herufi zangu zilipinda, Z ikatazama upande usio wake, na A ya mwisho ikakosa nafasi ikapanda kidogo kuelekea kwenye mwezi. Lakini lilisomeka. KANEZA.

Bi Mwajuma alikuwa anaozesha mjukuu Kasulu, njia ileile ya makambi, na sufuria za mtaa mzima zilikuwa zimepangwa uani kwake, mnara wa sufuria, zinangoja gari. Watu walikuwa ndani wanafunga mizigo, nasikia vicheko vyao. Nikaingia kwa vidole vya miguu. Nikaiweka yetu juu ya zote, kifudifudi, majina yakitazama mbinguni, nikaifuta maji kwa upindo wa gauni langu, nikatoka.